Mtu wa Nyuma Anaona Nini

Ukitoka Arusha mjini kwa barabara ya Dodoma, ukaupita uwanja mdogo wa ndege, unaingia Kisongo na ardhi inakuwa tambarare. Mlima Meru, wenye urefu wa mita 4,562, umebaki nyuma; vilima vya Monduli viko mbele; katikati ni uwanda ulio wazi, wenye upepo, na wakati wa kiangazi vumbi halikauki hewani. Hakuna mteremko wa kumsaidia mtu kuona. Watu 200 wakikusanyika hapa kutazama chochote, iwe ngoma, mechi ya shule au ng'ombe wanaopigiwa bei mnadani, shida inajitokeza papo hapo: aliye mbele anaona mchezo, aliye nyuma anaona visogo.

Sura hii inahusu namna watu walivyopambana na shida hiyo, tangu duara la ngoma hadi viti vya plastiki vyenye namba. Nashikilia jambo moja tangu mwanzo. Mahali pa kutazamia hupimwa kwa nafasi yake mbaya kuliko zote. Kiti cha mgeni rasmi hakitufundishi kitu, kwa sababu hakuna fundi aliyewahi kushindwa kumpatia mgeni rasmi pa kukaa. Fundi anajulikana kwa yule aliyelipa nauli, akasimama foleni, akaishia mstari wa mwisho pembeni.

Tuanze na duara, kwa kuwa ndilo lililotangulia. Chukua kamba ya mita 5, chora duara chini, waache wachezaji ndani. Mzingo wake ni kama mita 31. Mtu mzima anahitaji nusu mita ya upana ili akae bila kumbana mwenzake, kwa hiyo mstari wa kwanza unabeba watu 60 na kidogo. Nyuma yao weka mstari wa pili, na nyuma ya huo wa tatu, kila mmoja ukirudi nyuma kwa sentimita 80. Kwa kuwa duara linapanuka, mstari wa pili unapata zaidi ya 70 na wa tatu zaidi ya 80. Umekwisha kuweka watu zaidi ya 200, na aliye mbali kuliko wote yuko kama mita mbili tu nyuma ya aliye karibu. Sasa wapange watu haohao kwenye ukumbi mwembamba, kumi kumi kwa mstari. Utahitaji mistari 20, na mtu wa mwisho atakuwa mita 15 nyuma ya wa kwanza, vichwa 19 vikiwa mbele yake. Wazee waliocheza ngoma kwa duara hawakuhitaji kuandika hesabu hii ili waijue.

Duara la mistari mitatu lina siri nyingine, ambayo kila Mtanzania ameiona bila kuitilia maanani. Watoto hukaa chini mbele. Nyuma yao wanakaa wazee na akina mama kwenye mabenchi au vigoda. Nyuma kabisa wanasimama vijana. Hakuna ngazi iliyojengwa, lakini macho yamekwisha kupandishwa daraja tatu: ya mtoto aliyekaa chini, ya mtu aliyekaa kwenye benchi, ya mtu aliyesimama. Kila tofauti kati ya daraja na daraja inatosha kichwa kizima na ziada. Mtu mzima anayemwambia mtoto "kaa chini hapo mbele" amefanya kazi ya msanifu majengo, na ameifanya kwa haki, maana mfupi ndiye aliyepewa nafasi ya kwanza.

Kwa Wamasai wa Kisongo kuna jawabu la tatu, nalo linatoka kwa mchezaji mwenyewe. Morani wanapocheza, mmoja au wawili wanaingia katikati na kuruka, mwili umenyooka, visigino havigusi chini. Wageni huuliza wanarukaje juu namna ile. Mimi huwatazama walio nyuma. Hata aliyebanwa mstari wa tano anamwona anayeruka, kwa sababu kila mruko unamtoa juu ya vichwa vya watu, kifua na shanga zake. Sisemi mchezo ulibuniwa kwa ajili hiyo; una maana zake za rika na za ujana. Nasema kwamba katika nchi isiyo na mwinuko, sanaa inayokwenda juu huonwa na wote.

Duara haliwafai wote. Kwenye mkutano wa wazee, ule ambao Waarusha na Wamasai huuita engigwana, watu wanakaa kwenye majani chini ya mti na msemaji anasimama peke yake, rungu mkononi, akitembea hatua chache huku na huku anapojenga hoja. Hapo kukaa na kusimama ndiyo kanuni yenyewe ya mazungumzo: aliyesimama ana zamu, waliokaa wanasikiliza. Kivuli cha mti ndicho kinachoamua idadi ya watu watakaosikia vizuri.

Siku hizi mkusanyiko mkubwa wa kila wiki pembezoni mwa Arusha uko ndani ya kibanda umiza. Ni chumba cha mabati au cha matofali ya kuchoma, mbele kuna televisheni, mlangoni yuko kijana anayekusanya pesa, ukutani kuna ratiba ya mechi iliyoandikwa kwa kalamu ya wino mzito. Anayejenga kibanda hajasomea usanifu, lakini tazama mabenchi yake. Ya mbele yako chini sana, magoti yanafika kifuani. Ya katikati yana kimo cha kawaida. Ya nyuma yamepandishwa juu ya tofali au yameundwa kwa miguu mirefu, na wanaokalia hayo miguu yao inaning'inia. Nyuma yao kuna nafasi ya kusimama. Televisheni imetundikwa juu, karibu na dari. Mwenye kibanda anajua kwamba asiyeona bao leo kesho ataenda kibanda cha jirani, na elimu hiyo inamtosha.

Wahandisi wana hesabu inayosema jambo hilohilo kwa sentimita. Fikiria mstari ulionyooka kutoka kwenye jicho lako hadi mahali pa karibu unapotaka kupaona, mathalani mstari wa pembeni wa uwanja. Mstari huo unapopita juu ya jicho la mtu aliyekaa mbele yako, pima nafasi iliyopo kati ya jicho lake na mstari. Kutoka jichoni hadi utosini ni kama sentimita 12. Ukipata 12, unaona juu ya kichwa chake bila taabu. Ukipata 9, bado unaona vizuri, ukiinua shingo kidogo. Sita ndiyo ya chini inayovumilika: unaona kwa kuchungulia katikati ya vichwa viwili vya mbele. Wataalamu wanashauri 15 pale ambapo watazamaji huvaa kofia, na kwa harusi zetu, ambako akina mama huja wamefunga vilemba vilivyosimama, ningeichukua hiyo 15 kuwa ndiyo ya chini.

Jaribu hesabu hiyo kwenye uwanda wa Kisongo. Mtu amekaa kwenye kiti, jicho lake liko mita 1.2 juu ya ardhi, mita 10 kutoka kwenye mstari wa uwanja. Wewe umekaa nyuma yake kwa sentimita 80, kiti chako ni sawa na chake, ardhi ni sawa. Mstari wa jicho lako unapita karibu sentimita 9 chini ya jicho lake. Maana yake unatazama shingo. Sasa jenga ngazi ya sentimita 20 chini ya kiti chako. Nafasi inageuka: unapata zaidi ya sentimita 9 juu ya jicho lake. Ngazi moja ya kimo cha tofali limesimamishwa kwa ubavu imemtoa mtu gizani.

Lakini hapa ndipo majukwaa mengi yanapokosewa. Fundi akiona ngazi ya sentimita 20 imefanya kazi, anairudia ileile mpaka juu. Hesabu inakataa. Ukifika mstari wa ishirini kwa ngazi hizohizo, ile nafasi ya sentimita 9 imeshuka hadi kama 4, na mtu wa huko anarudi kutazama nywele za mwenzake ingawa amekaa juu kama ghorofa ya pili. Ili kila mtu apate haki sawa, ngazi lazima zizidi kuwa ndefu kadiri unavyorudi nyuma, jukwaa lijipinde kama ukingo wa bakuli. Mhandisi wa Uskochi, John Scott Russell, aliyejulikana zaidi kwa meli na mawimbi, aliandika kuhusu mkunjo huu mwaka 1838. Nusu karne baadaye wasanifu wa Chicago, Adler na Sullivan, waliutumia kwenye ukumbi wao mkubwa wa Auditorium uliofunguliwa 1889. Hivyo basi elimu hii ina umri mkubwa na haina gharama. Zege la ngazi zilizopinda halizidi sana zege la ngazi zilizonyooka. Kinachohitajika ni mtu wa kukaa na kalamu kabla ya mchanga kumwagwa.

Mkunjo una mpaka wake. Ngazi zikizidi kusimama, mtu anapata kizunguzungu na anayejikwaa anaanguka mbali. Ndiyo maana miongozo inazuia jukwaa lisizidi mwinamo wa nyuzi 34. Ukifika hapo, huwezi tena kumnunulia mtu wa nyuma kimo; unaweza tu kumleta karibu.

Na ukaribu ndilo tatizo la Uwanja wa Sheikh Amri Abeid, katikati ya jiji la Arusha. Naupenda uwanja huo. Ni uwanja wa michezo wenye jina la mshairi, mtu aliyeandika kitabu cha sheria za kutunga mashairi mwaka 1954, akawa meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam, kisha waziri, akafariki 1964 akiwa bado kijana. Ukikaa kwenye ngazi zake hewa ikiwa safi unauona Meru wote, na siamini kama kuna jiji lingine Tanzania linalowapa mashabiki wake mandhari ya namna hiyo bure. Lakini kati ya mashabiki na mpira kuna njia ya riadha. Mkoa uliomlea Filbert Bayi, aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 mjini Christchurch Februari 1974, haukosi sababu ya kuwa na njia ya riadha. Gharama yake inalipwa na macho.

Njia ya mita 400 yenye mikondo minane inamsogeza aliyekaa nyuma ya goli hadi karibu mita 40 kutoka kwenye mstari wa goli. Uwanja wa mpira una mita 105. Kwa hiyo mtu wa mstari wa kwanza kabisa nyuma ya goli moja yuko zaidi ya mita 140 kutoka goli la pili, na akipanda mistari 30 anakaribia 170. Wapangaji wa viwanja wanasema mpira wenye kipenyo cha sentimita 22 unaonekana vizuri mpaka mita 150, na ukivuka 190 jicho la kawaida haliwezi kuufuata. Uwanja wa Benjamin Mkapa wa Dar es Salaam, uliofunguliwa 2007 na wenye viti 60,000, una njia kama hiyo, na wanaokaa mzunguko nyuma ya magoli wanajua habari hii bila kupimiwa. Bao likifungwa upande wa pili, wanalijua kwa kelele kabla ya kulijua kwa macho.

Jua nalo lina upande. Arusha iko nyuzi tatu na kidogo kusini mwa Ikweta, kwa hiyo mwaka mzima jua linazama karibu na magharibi halisi. Mechi zetu huanza saa kumi jioni. Aliyekaa upande wa magharibi ana jua mgongoni. Aliyekaa mashariki analipokea usoni hadi filimbi ya mwisho, mkono ukiwa juu ya paji la uso kwa dakika 90. Ndiyo sababu viwanja huelekezwa kaskazini na kusini, na jukwaa lenye paa hujengwa magharibi. Hapo bei ya tiketi huwa ni bei ya kivuli. Sina ugomvi na anayetaka kulipa zaidi ili apate kiti laini. Ninachokipinga ni uwanja kuwa na paa la watu mia kadhaa na jua la watu maelfu, katika nchi ambayo inajua jua ni nini.

Arusha imepata nafasi ya kujenga upya. Septemba 2023 Kenya, Tanzania na Uganda zilipewa kwa pamoja uenyeji wa Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027, na uwanja mpya wa watu 30,000 ukapangiwa Olmoti, jijini humo. Mashindano ya ngazi hiyo yanataka kila mtazamaji awe na kiti chake, chenye mgongo na namba. Watu wanaongelea mgongo wa kiti. Mimi naona namba ndiyo yenye uzito. Kiti kisicho na namba ni cha aliyewahi. Ndiyo maana kwa mechi kubwa watu huingia uwanjani asubuhi kwa mpira wa jioni, hawathubutu kwenda chooni, na mama mwenye mtoto anaamua kubaki nyumbani. Namba inampa haki ya kuchelewa yule ambaye hawezi kushinda njaa juu ya zege kwa saa sita. Lakini namba inahitaji watu wa kuisimamia, wanaomwambia aliyekalia kiti cha mwenzake ahame, awe nani awe nani. Bila hao, namba ni rangi tu kwenye plastiki.

Warumi waliliona hili mapema. Uwanja wao wa Colosseum, uliozinduliwa mwaka 80, ulikuwa na matao 80 ya kuingilia, na 76 kati yake yalikuwa na namba. Kila mtu alijua tao lake. Walijua pia kupanga watu kwa vyeo: maseneta chini karibu na uwanja, wanawake na maskini juu kabisa. Ukitaka kujua jamii inamthamini nani, usisome katiba yake, tazama imemketisha wapi.

Kwetu mpangilio huo una jina: meza kuu. Sherehe ya kijiji ikiandaliwa, turubai la kwanza ni la mgeni rasmi. Ndani yake kuna sofa zilizoazimwa, vitambaa, maua na maji ya chupa. Wanafunzi walioandaa ngonjera wanacheza wakiielekea meza kuu, wakiwapa mgongo wazazi wao waliotembea tangu alfajiri. Hili linaniuma zaidi ya mengine yote katika sura hii, kwa kuwa halihitaji zege wala fedha. Linahitaji mtu wa kuigeuza meza. Mgeni rasmi akikaa mwanzoni mwa safu, ubavuni mwa wazazi, wote wakiwatazama watoto, heshima yake haipungui na mzazi anauona uso wa mwanawe. Nimeshaona shule zikifanya hivyo, na hakuna mgeni aliyelalamika.

Kumbi za harusi zina kosa linalofanana. Meza za duara za watu kumi zinapendeza kwa kula, lakini nusu ya waliozizunguka wanayapa mgongo maharusi. Taarabu ilipata njia bora. Kwenye onyesho la Zanzibar, tangu enzi za vikundi vya zamani kama Akhwan Safaa kilichoanzishwa 1905, watu hukaa kwa mistari, lakini mistari hiyo ina njia, na njia hizo zina kazi. Wimbo ukimgusa mtu anainuka, anatembea taratibu kwa madaha mpaka mbele, anamtunza mwimbaji, anarudi. Ukumbi wote umemwona, na mara nyingi ndiyo nia yake, kwa sababu wapo waliokaa humohumo ambao wimbo huo unawahusu. Ukiziba njia kwa kuongeza viti, umeuza tiketi nyingi zaidi na umeua nusu ya onyesho.

Jukwaa la Afrika Mashariki ninalolifikiria mara nyingi kuliko yote halipo tena. Lilijengwa Kamĩrĩĩthũ, Limuru, nchini Kenya, mwaka 1977, na wakulima na wafanyakazi wa kijiji wenyewe, kwa ajili ya mchezo wa Ngaahika Ndeenda wa Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ. Walipanga umbo lake kwa njiti za kiberiti kabla ya kuchimba shimo la kwanza. Lilikuwa la wazi, halina paa, limezungushiwa mianzi, na viti vyake vilipanda ngazi kwa ngazi ili wa nyuma asizuiwe na wa mbele. Liliingiza watu zaidi ya 2,000. Waigizaji waliweza kutoka jukwaani na kuingia kwa watazamaji, kisha kurudi, bila pazia wala shimo la wapiga muziki kuwatenga. Mchezo ulianza Oktoba 2, 1977. Katikati ya Novemba kibali kikafutwa. Machi 12, 1982, polisi walikuja na magari wakalibomoa.

Tafakari hilo. Serikali ilikuwa imekwisha kuuzuia mchezo na kumweka Ngũgĩ kizuizini. Bado iliona haja ya kuyang'oa mabenchi. Watawala walielewa jambo ambalo wajenzi wa kumbi wakati mwingine hulisahau: watu 2,000 waliokaa mahali walipopajenga wenyewe, kila mmoja akimwona mwenzake na wote wakiona jukwaa, wamekwisha kuwa kitu kimoja hata kabla mwigizaji hajafungua kinywa.

Arusha nayo imewahi kukalisha watazamaji wa aina ya pekee. Tangu katikati ya miaka ya 1990 hadi mwisho wa 2015, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda ilifanya kazi ndani ya majengo ya kituo cha mikutano cha kimataifa, AICC. Mtu yeyote aliweza kuingia kusikiliza. Alikaa nyuma ya kioo kinene, akavaa vifaa vya masikioni, akachagua lugha: Kinyarwanda, Kifaransa au Kiingereza. Shahidi akihitaji kulindwa, uso wake ulifichwa. Mahakama iliyorithi kazi hiyo ina jengo lake Lakilaki, njia hiyohiyo ya kwenda Kisongo, lililofunguliwa Novemba 2016, na humo pia kuna viti vya umma. Kioo kile kilimtenga mtazamaji kwa ajili ya usalama, lakini kuwepo kwake kulikuwa sehemu ya haki yenyewe, kwa sababu kesi inayosikilizwa bila watu haiaminiki. Hapa tena swali ni la mtu wa nyuma. Mnyarwanda aliyefiwa alikuwa mbali na Arusha, mwendo wa siku nzima au zaidi kwa basi. Viti vilikuwepo, wenye kesi yao walikuwa nchi nyingine.

Nimebakiza lango, na sikuliacha mwisho kwa kuwa ni dogo. Februari 1, 2020, Moshi, mwendo wa saa mbili kutoka hapa, watu 20 walikufa kwenye uwanja wa Majengo katika ibada ya usiku, waumini walipokimbilia sehemu moja ya kutokea palipomiminwa mafuta ya upako. Machi 2021, Dar es Salaam, 45 walikufa Uwanja wa Uhuru katika msongamano wa kuuaga mwili wa Rais Magufuli. Hawa hawakuja kwenye vita. Walikuja kuomba na kuomboleza, na mahali palipowapokea hapakuwa na hesabu ya kuwatoa.

Hesabu ipo. Kwenye ardhi sawa, upana wa mita moja unapitisha watu 82 kwa dakika. Kwenye ngazi, 66. Kipimo cha juu cha kuutoa umati kwa dharura ni dakika 8. Weka watu 2,000 kwenye uwanja wenye ukuta na lango moja la mita moja: watahitaji zaidi ya dakika 24. Hakuna mtu mwenye hofu anayesubiri dakika 24. Watu haohao wakipewa mita nne, zikiwa zimegawanywa kwenye malango mawili au matatu ya pande tofauti, wanatoka kwa muda wa kama dakika 6.

Kwa hiyo kijiji cha Kisongo kikitaka kesho kuujenga uwanja wa shule yake, nisingeanza na jukwaa la wageni. Ningeanza kwa kupanda miti upande wa magharibi, mstari mzima wa uwanja. Kisha udongo wa kusawazisha uwanja, ambao kwa kawaida hutupwa, ningeurundika chini ya miti hiyo kuwa tuta la ngazi, ngazi ya kwanza sentimita 20, inayofuata ndefu kidogo, na kuendelea hivyo, juu yake majani ya kukalia. Mistari minane tu kwa urefu wa mita 100 inakalisha hadi watu 1,600 kabla ya kutoa njia, wote wakiwa na jua mgongoni na wote wakiuona mpira. Kila baada ya mita chache ningeacha njia. Mbele ya tuta ningeacha ukanda wa mita mbili kwa ajili ya watoto. Mwanzoni mwa safu, karibu na njia, ningetenga nafasi tambarare za viti vya magurudumu na za wazee wasioweza kupanda. Uzio ungekuwa na malango matatu, kila moja la mita mbili, yote yakifunguka kwenda nje, na siku ya mchezo hakuna hata moja lingefungwa kwa kufuli.